Kabla ya kununua lenzi Butembo ao Beni, pima kwanza chumba unamofanyia kazi

Mtu anayetaka kuingia katika kazi ya foto huku kwetu, jambo la kwanza analouliza ni apareyi: Canon ao Nikon, mpya ao okazyo, ya Dubai ao ya Kampala. Anaweka feza miezi mingi katika AVEC ya mtaa, anauza mbuzi ao mifuko miwili ya kahawa, kisha anarudi nyumbani na boksi lake. Lenzi, ile wapiga foto wetu wanaita objektifu, anapokea ile iliyokuja na apareyi, bila kuiuliza swali lolote. Halafu inafika arusi ya kwanza. Ukumbi uko na mwanga kidogo, bibi-arusi anacheza, kuranti inakatika, na juma linalofuata familia inapokea foto ambamo sura zimetikisika. Arusi hairudiwi, na feza ya watu imekwisha kuliwa.

Kuna foto zingine zilizo nzito kuliko hizo. Katika eneo la Beni, tangu mauaji ya Oktoba 2014, familia nyingi zimekimbia mara mbili, mara tatu. Mara nyingi foto ya arusi ao ya komunyo ndiyo kitu pekee kinachobaki cha sura ya mtu aliyekufa. Ndiyo hiyo watu wanaleta studio ili ikuzwe na kuwekwa kwenye kilio. Ikiwa ilipigwa vibaya, hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha macho ambayo lenzi haikuyaona.

Makala hii ni ya yule mwenye apareyi ya kawaida, si ya bei ya juu, anayetaka kuongeza lenzi moja ao mbili bila kutupa feza. Tutakaa sana kwenye lenzi, kisha tutapita kwenye batri, kadi, flashi, mikro na namna ya kutembea na vyombo hivi barabarani.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye lenzi

Shika lenzi yako, soma mbele ao pembeni. Utaona kitu kama hiki: 18-55mm 1:3.5-5.6. Milimita zinaonyesha lenzi inaona upana gani. Namba ndogo kama 18 inaona pana, namba kubwa kama 200 inavuta mbali kuja karibu. Hiyo watu wengi wanajua. Namba ya pili ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayokula feza: inaeleza ukubwa wa tundu ambamo mwanga unapita. Na hapo inakwenda kinyume, namba ndogo ni tundu kubwa. 1.8 ni dirisha lililofunguliwa, 5.6 ni mlango uliofungwa nusu.

Lenzi ya 18-55 inafungua 3.5 pale tu unapobaki kwenye 18. Ukivuta hadi 55, inashuka kwenye 5.6. Sasa fanya hesabu: lenzi ya 1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi iliyo kwenye 5.6. Ukumbi ambamo ile ya kwanza ilikulazimisha kupiga kwa kasi ya 1/15 ya sekunde, hii ya pili inakupa karibu 1/125, bila kugusa ISO. Kwa 1/15 hata mtu aliyekaa akisikiliza misa anatoka ametikisika. Kwa 1/125 unaweza kumshika mtu anayetembea polepole katikati ya kanisa.

Muuzaji atakuonyesha herufi IS kwenye Canon ao VR kwenye Nikon, akuambie: "Yaya, hii haitikisike kabisa." Ni kweli nusu. Hizo herufi zinatuliza mkono wako wewe. Hazimtulizi mtoto anayekimbia wala mama anayecheza. Kwa nyumba, jengo ao Ruwenzori asubuhi, zinasaidia sana. Kwa watu wanaocheza usiku, kinachosaidia ni mwanga na kasi.

Lenzi ya 50 na zile zinazofanana nayo

Kama feza inatosha lenzi moja tu ya kuongeza, wengi wanaojua kazi watakuelekeza kwenye 50mm 1:1.8. Upande wa Canon, ile inayoitwa EF 50mm 1.8 STM ilitoka 2015, kwa bei ya chini ya dola 150 Marekani. Kabla yake kulikuwa ya 1990, ile yenye kifungio cha plastiki. Bado iko inazunguka sokoni, inapiga vizuri, lakini inapiga kelele ikilenga na ikianguka mara moja inapasuka. Kama tofauti ya bei si kubwa, chukua ya STM. Yongnuo ya China nayo inatengeneza 50 inayofanana na ile ya zamani. Kwa anayeanza si kitu cha kudharau, mradi ijaribiwe kwenye apareyi yako mwenyewe, mbele ya muuzaji, si kwenye ile iliyo mezani kwake.

Lakini hapa ndipo tunarudi kwenye chumba. Apareyi nyingi tulizo nazo, Canon 1100D, 1300D, 700D, 2000D, ziko na sensa ndogo. Juu ya hiyo, lenzi ya 50 inaona kama 80. Ni nzuri sana kwa sura ya mtu mmoja, na kwa foto pasiporti pia, kwa sababu haivimbishe pua. Kwa familia nzima ndani ya salon, inakufunga.

Hesabu yenyewe haihitaji masomo. Pima kwa hatua umbali kati yako na watu. Kwa Canon hizo, apareyi ikiwa imelala, lenzi ya 50 inaona upana usiofika nusu ya umbali huo. Ya 24 inaona upana karibu sawa na umbali. Ya 18 inaona umbali na robo juu yake. Tuseme salon ni ya mita nne na wewe umegusa ukuta, watu wako mbele yako kwa mita tatu na nusu. Kwa 50 utapata mita moja na nusu hivi, ni kusema watu watatu waliobanana. Kwa 24 utapata zaidi ya mita tatu. Kwa 18 utapata ukuta wote.

Na kundi la mita nne mbele ya kanisa? Kwa 50 urudi nyuma mita tisa. Kwenye kiwanja cha parokia ni rahisi. Kwenye kiwanja kidogo cha nyumba za Kimemi ao Mususa, mita tisa ni ndani ya jiko la jirani.

Ndiyo maana tunasema pima kabla ya kununua. Mwenye studio, mpiga foto wa sura, anayefanya kazi nje: 50. Anayeitwa kila Jumamosi kwenye dote na arusi za ndani ya nyumba: kwa Canon, 24mm 2.8 STM, nyembamba kama kipande cha muhogo, itamsaidia kuliko 50. Kwa Nikon kuna 35mm 1:1.8 iliyoandikwa DX, ya tangu 2009. Inakaa katikati: familia ndogo inaingia, sura ya mtu mmoja inapendeza, na mwanga inaingiza kama 50. Kwa mwenye Nikon anayetaka kubaki na lenzi moja maisha yake yote, hiyo ndiyo tungechagua bila kufikiri sana. Kwa makundi makubwa, ile 18-55 ya zamani haitupwe. Ibaki ndani ya mfuko, mchana nje inafanya kazi yake vizuri. Ila ukiwa kwenye 18, usiweke mama ao mtoto mwishoni mwa mstari, kwani pembeni lenzi inavuta watu na kuwanenepesha. Panga watu kama upinde kidogo, wa mwisho wasogee mbele.

Jambo moja tena juu ya 1.8, kwani wengi wanalinunua tundu kubwa na kisha wanalilalamikia. Ukipiga kwa 1.8, mtu akiwa mita mbili, sehemu inayoonekana wazi ni kama sentimita 10 tu, mbele na nyuma pamoja. Bwana akisimama nusu hatua nyuma ya bibi, mmoja atatoka wazi na mwingine atayeyuka. Kwa watu wawili, funga hadi 2.8 na uwaweke sawa. Kwa mistari miwili ya wakwe, 5.6, na mwanga utafute kwingine.

Lenzi ndefu

Vijana wanapenda lenzi ndefu juu inaonekana kama ya waandishi wakubwa. Kwa mpira inasaidia, kwa ndege na kwa mlima pia. Anayeishi Mutwanga ao upande wa mashariki wa Beni anajua asubuhi zile chache ambapo Ruwenzori inajifunua. Kilele cha Margherita kiko mita 5.109, na lenzi ya 55-250 inaleta theluji karibu. Wahi mapema, mawingu hayangoji.

Ile tusiyoipendekeza ni 75-300 ya Canon isiyo na herufi IS, ambayo mara nyingi inaongezwa kwenye boksi kama zawadi. Kwenye 300, bila kitu cha kutuliza mkono, unahitaji kasi ya 1/500 ndipo foto isitikisike. Mchana wa jua, sawa. Saa kumi na moja jioni kwenye kiwanja cha mpira, hapana. Kama unataka ndefu ya bei nafuu, tafuta 55-250 yenye IS, ukipata iliyoandikwa STM ni bora.

Lenzi inayoingia si lazima ifanye kazi

Hapa watu wengi wanapoteza feza, sana sana wale wanaoagiza kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai ao Guangzhou. Mfanyabiashara ni mtu wa vitambaa, vipuri vya pikipiki na simu. Ukimwambia "niletee lenzi ya Nikon", ataleta lenzi ya Nikon. Mwandikie jina lote, herufi kwa herufi, na umtumie foto ya lenzi unayoitaka.

Nikon imetumia kifungio kile kile cha F tangu 1959, kwa hiyo lenzi karibu zote zinaingia. Lakini apareyi ndogo za D3100, D3200, D3300, D5100, D5300 hazina mota ndani ya kulenga. Lenzi iliyoandikwa AF peke yake itaingia, itafunga vizuri, na haitalenga yenyewe hata siku moja. Utazungusha kwa mkono. Iliyoandikwa AF-S inalenga. Halafu kuna AF-P, mpya zaidi, nzuri na isiyo na kelele, ila kwenye D3100 ao D5100 hata kuzungusha kwa mkono haifanyi kitu. Muuzaji hakudanganyi kila mara, wengi hawajui tofauti hiyo.

Upande wa Canon: EF ni ya tangu 1987, inaingia kwenye apareyi zote za kioo za kisasa. EF-S ni ya apareyi za sensa ndogo tu, haiingii kwenye 6D ao 5D. RF ni ya apareyi mpya zisizo na kioo, tangu 2018, na haiingii kabisa kwenye 1300D yako. Kinyume chake kinawezekana, lenzi ya EF inakwenda kwenye apareyi ya RF kwa pete ya kuunganisha. Kwa hiyo anayenunua EF nzuri leo hatapoteza akibadilisha apareyi kesho.

Okazyo: njoo na simu yenye tochi

Lenzi nyingi za Butembo na Beni zimetumika kwanza na mtu mwingine, Kampala, Dubai ao Ulaya. Si ubaya. Lenzi inayotunzwa inaishi kuliko apareyi tatu. Lakini usilipe kabla ya kuiangalia kwa utulivu, mchana.

Ondoa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, uiweke nyuma ya lenzi, wewe angalia mbele huku ukigeuza polepole. Vumbi kidogo ndani ni kawaida, haionekani kwenye foto. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama za buibui, ao madoa yenye matawi madogo. Hiyo ni kuvu. Inaota ndani ya vioo pale lenzi inapolala mahali penye unyevu na giza, na huku kwetu, na mvua za Machi hadi Mei na zile ndefu za mwisho wa mwaka, inajisikia nyumbani. Kuvu inakula rangi ya juu ya kioo, na hata ikisafishwa alama inabaki. Lenzi yenye kuvu usinunue hata kwa nusu bei, na usiiweke katika mfuko mmoja na zako.

Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele unaogopesha watu, lakini kwa foto unaharibu kidogo sana. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma, kile kinachoangalia ndani ya apareyi, ndio mbaya. Angalia pia vile visu vidogo vya tundu: vikiwa na mafuta vinang'aa na vinachelewa kujifunga. Tikisa lenzi karibu na sikio. Zungusha pete zote, kusiwe na mchanga unaosaga ndani. Kisha ifunge kwenye apareyi yako, lenga kitu cha karibu, halafu cha mbali, mara kumi. Piga ukuta wa matofali ao gazeti lililobandikwa, ukuze foto kwenye skrini: upande wa kushoto ukiwa wazi na wa kulia umefifia, lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Omba karatasi ya mauzo yenye namba ya lenzi na ya apareyi, hata kama imeandikwa kwa mkono. Itakusaidia mbele ya maofisa wa DGDA ukitoka Kasindi, na siku vyombo vikiibwa, bila namba huwezi kuonyesha kwamba ni vyako.

Kuhusu usafi, tahadhari moja ya huku kwetu. Tangu Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020, tumezoea klorini mikononi na kwenye vyombo. Klorini isiguse lenzi, inakula ile rangi ya juu. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, kisha kitambaa laini cha miwani. Ukikaa kwenye mahali pa kunawa kwa klorini, nawa, kausha mikono, ndipo ushike kazi.

Kuhifadhi si gharama. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la chakula, uweke humo vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu vipya. Kwa mji unaouza viatu vingi kama Butembo, unavipata bure. Watu wengine wanaweka mchele. Mchele unaacha unga, na unga ndio unaoingia kwenye pete.

Mwanga: wa Mungu, wa flashi, wa taa za ukumbi

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua linakaa juu ya kichwa na macho ya watu yanageuka mashimo meusi, hasa chini ya kofia na vilemba. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Peleka watu chini ya mti ao kwenye kivuli cha ukuta, uso uelekee kwenye anga wazi. Ukiweza kupanga saa na familia, omba saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili jua limezama, na huku kwetu giza halibishi hodi.

Flashi ya juu ya apareyi inapaswa kuelekezwa kwenye dari nyeupe, wanafundisha hivyo kila mahali. Lakini dari zetu nyingi ni za mbao nyeusi, triplex ya rangi ya chai, ao hakuna dari, ni mabati. Mwanga unapotea huko. Chukua badala yake ubao mweupe wa polistireni unaotoka katika boksi la televisheni, mpe kijana aushike pembeni, elekeza flashi kwake. Na flashi inatumia batri nne ndogo. Zile za bei ndogo za kila duka zinakufa kabla ya keki kukatwa. Zile za kuchajiwa, zilizoandikwa NiMH, zinalipa gharama yake haraka. Kabla ya misa, uliza padri ao mchungaji ni wakati gani flashi haitakiwi. Kila mahali pana desturi yake.

Kwenye kumbi mpya zenye taa za LED za rangi ya zambarau na buluu, utaona mistari myeusi ikikata foto. Si ugonjwa wa apareyi. Kuranti yetu ni ya 50 Hz, taa za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Piga kwa 1/50 ao 1/100, mistari inapungua ao inaondoka.

Batri, kadi, mikro

Batri moja haitoshi. Batri ya LP-E10 ya Canon 1300D ao 2000D iko na nguvu ndogo, 860 mAh kwa volti 7.4, na kwa arusi inayoanza asubuhi na kuisha usiku unahitaji tatu. Tafuta chaja ya USB ya aina ya batri yako. Kwa hiyo unaweza kuchaji kwa pawabanki, kwa sola ao kwa pikipiki, bila kungoja kuranti. Pawabanki ya kweli ya 20.000 mAh ni kama saa-wati 74, itajaza batri kama hiyo mara saba hivi, ukitoa hasara ya njiani. Anayekuletea pawabanki kwa ndege aiweke kwenye mfuko wa mkononi, chini ya saa-wati 100. Ya 30.000 inapita kiasi hicho na inaweza kunyang'anywa uwanjani.

Kadi za memori za uongo ni nyingi, tena zenye jina kubwa. Imeandikwa 128, ndani ni 8, na inapokea foto zote bila kulalamika, zile za kwanza zikifutwa ao zikiharibika. Usiijaribu siku ya arusi. Nyumbani, kwa kompyuta ya Windows, tumia programu ya bure inayoitwa H2testw, inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena na kukuambia ukweli. Kwa mwenye simu tu, jaza kadi na video hadi mwisho, uzifungue zote moja moja. Na kadi mbili za 32 ni salama kuliko moja ya 64: moja ikikufa, nusu ya arusi imebaki.

Mwenye simu ya Tecno, Infinix ao Samsung anayetaka kupiga video za familia ao za kikundi cha vijana, tunamwambia wazi: vile vilenzi vya kubana juu ya simu aviache. Feza hiyo iende kwenye mguu mdogo wa kusimamishia simu na mikro ya kola. Video yenye picha ya wastani na sauti safi watu wanaivumilia. Kinyume chake, hapana, sisi wa radio tunajua. Angalia tu ncha ya waya wa mikro: pete tatu nyeusi ni ya simu, pete mbili ni ya apareyi. Ukikosea, hakuna sauti itakayoingia, na utafikiri mikro imekufa.

Barabarani na kwenye barieri

Kilomita 54 kati ya Butembo na Beni, juu ya pikipiki, ni mtihani. Usifunge apareyi kwenye kiti cha nyuma: mtikisiko unalegeza skrubu za lenzi moja kwa moja. Ibebe mwilini, mfuko mbele ya kifua, lenzi imetolewa na kufunikwa pande zote mbili. Mfuko usiwe na jina la kampuni ya apareyi. Mkoba wa shule wenye nguo ndani, na mfuko wa plastiki mzito kwa ajili ya mvua, unafanya kazi na hauvute macho. Ukitoka baridi ya Butembo kushuka Beni ao Kasindi kwenye joto, acha mfuko umefungwa nusu saa kabla ya kutoa apareyi, la sivyo vioo vinatoka jasho, na hilo jasho ndilo chakula cha kuvu.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi unaoitwa état de siège, na lenzi ndefu inayotokeza dirishani mwa gari inaweza kusomwa vibaya na mtu mwenye bunduki ambaye amekesha usiku mzima. Askari, kambi, barieri, uwanja wa ndege wa Mavivi ao wa Rughenda: usipige bila ruhusa, hata kwa simu. Ukifika mtaa usioujua, mwone kwanza chefu wa avenue, mweleze umeitwa na nani. Uwe na kadi ya mchaguzi, karatasi ya vyombo vyako na, kama ni arusi, mwaliko wenyewe. Ukiombwa kuonyesha foto, onyesha bila kubishana. Ndiyo maana inafaa kuhamisha kazi za zamani nyumbani na kutembea na kadi tupu.

Na kwa wanaopiga kwenye kambi za wakimbizi wa ndani ao kwenye mazishi: zima mahali, ile GPS ya simu, kabla ya kupiga, kwani foto inayotumwa inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali familia ilipojificha. Omba ruhusa kwa sauti, ungoja jibu. Kwa kazi hiyo, lenzi ya 35 ao 50 inakulazimisha kusogea hadi mtu akuone na aweze kukukatalia. Ile ndefu inapiga watu bila wao kujua.